Nimeificha Nyumba Yangu Kabatini

Jumamosi. Hounslow, jirani na uwanja wa ndege, manyunyu tangu alfajiri, moyo mweupe.

Wewe, umepotelea wapi? Mwezi mzima huonekani, si hapa bloguni, si mlangoni kwangu. Haya, kaa. Shule sikwenda, kwa hivyo mimi nasema na simu inaandika. Ukiona kosa, limeze.

Mjukuu wangu Salma anasomea kutengeneza filamu. Wiki iliyopita alinionyesha za Kitaliano, za baada ya vita. Anasema studio zilikuwa zimeharibika na pesa hakuna, basi wenye filamu wakatoka na kamera mitaani, wakachukua fundi, mama wa nyumbani, mtu yeyote, wakamwambia afanye anavyofanya kila siku. Maandishi ya tafsiri ya chini siwezi kuyasoma. Sikuyahitaji. Mama mmoja alikuwa akianua nguo huku akigombana na jirani, nami nikamsaidia kugombana.

Salma akataka kunipiga filamu ya namna hiyo. Kamera ni ya chuo, inarudi Jumatatu. Nikakubali.

Halafu nikafanya ujinga wangu.

Leo asubuhi nguo zilizoanikwa kwenye hita, masufuria yaliyoungua, dawa za presha, blanketi la kochi, vyote nilivisukumiza kabatini. Nikatoa vikombe vya wageni. Nikavaa gauni la harusi ya mwanangu, na wanja juu. Kamera iingie kwangu, niaibike?

Salma alisimama mlangoni. "Nyanya, nyumba yako iko wapi?"

"Iko kabatini."

Hakucheka. Tukajaribu hivyo hivyo. Nilimimina chai nimekakamaa kama msoma habari, mara ya kwanza mpaka ya sita. Mwishowe akakaa chini, akaniambia kwa Kizungu chake cha mbio kwamba hii ndiyo kazi ya kumaliza mwaka na hana kitu mkononi. Macho yamejaa maji.

Niliumia. Kile alichokuja kukitafuta, nimekificha mimi.

"Umekula?" Akafuta macho. "Nakuuliza, mwanamke mzima wewe, umekula?"

Nikavua gauni, nikajifunga leso, nikaenda kutafuta karai nimkaangie mahamri. Karai nalo liko kabatini. Kufungua tu, nyumba nzima ikanimwagikia: blanketi kichwani, soksi begani, sufuria kwenye kidole cha mguu. Nikaitukana sufuria, nikamtukana na aliyeitengeneza, kisha nikacheka mpaka nikakaa sakafuni.

Kugeuka, Salma ana kamera jichoni.

"Endelea, Nyanya."

"Niendelee na nini? Njoo unitoe hili blanketi, kisirani wewe, kisha ule."

Hakuja. Aliendelea kupiga mpaka mahamri yakaiva, ndipo akala manane.

Jioni akanionyesha. Mwanamke mzee, leso imekwenda upande, soksi bado iko begani, anamkaripia mtoto ale, na ndege inapita juu karibu ichukue paa. Miaka yote nilidhani sinema ni ya watu wengine.

Nimemtazama mara tatu. Namwona mzuri.

Nawe, safari ijayo usinipigie simu kwanza. Nikijua unakuja, nitafagia.