Ekseli Imepinda, na Mama Amepiga Simu

Baba watoto,

Usiliguse gari. Liko juu ya jeki, gurudumu la nyuma limetolewa. Fundi anarudi saa nane na ekseli nyingine. Mfungulie geti, na tafadhali usianze kumfundisha kazi.

Mwezi mzima unaniambia tairi linalika upande mmoja kwa sababu ni bovu. Umelibadilisha mara mbili, ukamgombeza bure muuza matairi! Leo asubuhi fundi kalizungusha gurudumu, kashika chaki karibu na rimu. Linayumba kama mlevi.

"Ekseli imepinda, mama. Gari hili limebebeshwa mzigo mzito, tena kwenye makorongo."

Nikamwapia kwamba sisi hatubebi mizigo. Hata sijamaliza, mama yangu akapiga simu. Anamshukuru mkwewe kwa mifuko kumi na nane ya saruji. Sakafu ya jikoni imeshakauka, anasema. Nimeumbuka mbele ya fundi.

Kumi na nane! Kwa safari moja! Najua ni gari la porini, lakini si lori. Na si wewe uliyesema hukanyagi kwake mpaka akuombe radhi? Ungeniambia tu, mume wangu. Ningekucheka siku mbili, basi.

~~Leo utalala sebuleni.~~ Leo utaosha vyombo, na masufuria pia.

Nimeenda kazini na baiskeli yako.

Mama anasema ulishusha mifuko mlangoni ukaondoka, hata maji hukunywa. Jumapili tunakwenda wote. Utaingia ndani, utakaa.

Mama watoto