Mchoraji Niliyemuua kwa Kalamu

London, 9 Novemba 1826

Kwako dada yangu Keziah,

Shikamoo. Je, kifua kimepoa, au baridi ya Norwich bado inakukohoza? Sisi hatujambo, ila mume wangu, Bwana Ormsby, anaumwa jino, na nyumba nzima tunaumwa pamoja naye.

Barua yako ilifika Jumanne. Umenieleza kwamba kina mama watatu wamewaondoa binti zao kwenye masomo yako ya uchoraji, na kwamba mke wa kasisi alikuambia sokoni, mbele za watu, "Bibi Keziah, kumbe ulikuwa unakufa kwa mapenzi, na sisi tukidhani unaringa tu!" Wakacheka wote. Hukunilaumu. Uliuliza tu kwa nini.

Ni kweli, utenzi wangu unauzwa kama njugu. Mabibi wanaulilia sebuleni: mchoraji anamkataa mchumba ili aishi kwa brashi yake, kisha anajuta, anachoma picha zake, anakufa mpweke. Nilikuandikia zamani kwamba mchapishaji ndiye aliyenilazimisha, eti alisema msanii wa kike asiyelia hana mnunuzi. Ukaniamini, ukanipa pole.

Dada, nilikudanganya. Mwisho wa kwanza mchapishaji hakuuona kamwe. Humo mchoraji alizeeka na rangi kwenye kucha, akitaniana na wanafunzi wake, hana habari na mtu. Niliusoma asubuhi moja mkate ukiungua jikoni, na Bwana Ormsby akiita kutoka mezani, "Lavinia, leo tunakula mashairi?" Nikaona wivu. Wewe ulikataa posa, mimi nilikubali yangu. Sikustahimili uwe na furaha hata kwenye karatasi. Niliutia motoni, nikakuua kwa beti kumi na mbili. Ndizo hizo wanazozisifu.

Nimejaribu kuuandika upya, hautoki. Basi nimefanya nililoliweza. Kitabu kilitoka bila jina, maana Bwana Ormsby hakutaka jina lake lizagae madukani, ndipo watu wa Norwich wakadhani ni wewe uliyejiandika. Jana nililipelekea gazeti la Norwich tamko fupi, nikatia sahihi jina langu lote. Mume wangu bado hajui. Litatoka Jumamosi. Nimesema utenzi ni wangu, na kwamba mwanamke aliyejuta si dada yangu, ni mimi.

Mpe salamu Dorcas wa jikoni, umwambie akuchemshie maziwa kila jioni. Usijibu mpaka moyo wako upende.

Mdogo wako,
Lavinia Ormsby