Taa ya Nyuma Niliyoiacha Dukani

Mama,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo halafu nikakaa na kalamu mkononi, kama mtu anayesubiri kuitikiwa.

Niko shuleni, jikoni kwako. Maharage ya mchana yako motoni, yale magumu uliyokuwa ukiyatukana, na mpaka yaive nina muda wa kukuandikia. Wiki ya tatu baada ya kukuzika, mwalimu mkuu aliniita. Akaniambia watoto wa bweni wanaingia darasani bila uji, kwa sababu yule mama waliyemweka kwa muda hawezi kuwahi, akaniuliza kama ningeshika nafasi yako. Nikasema ndiyo. Kushona nimeacha, chumba cha Korogwe mjini nimekirudisha kwa mwenyewe, nimerudi nyumbani kukaa na mdogo wangu. Zawadi ana miaka kumi na minne. Hawezi kuachwa peke yake na kitanda chako kitupu.

Kwa hiyo sasa mimi ndiye ninayeamka saa kumi. Mimi ndiye ninayeitoa baiskeli yako nje polepole ili mlango usilie. Fundi alibadilisha ringi ya nyuma na tairi lake. Mengine ni yale yale, hata kiti ulichokifunga kwa kipande cha kanga. Njia nayo ni ile ile, vumbi katikati ya mkonge, halafu lami mpaka shuleni. Wewe ulikuwa unaogopa sehemu ya vumbi, kwa ajili ya nyoka na mashimo. Lami ulikuwa unaiita mkeka. "Nikishaupata mkeka, nimefika."

Mama, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani.

Unakumbuka ulivyokuwa unaondoka na ile simu yako ya tochi ukiiuma kwa meno, mikono yote kwenye usukani? Nilikuja kwa sikukuu ya Idi nikakuona unatoka hivyo, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Ulipopotea kwenye mkonge nikaona aibu. Nina kazi, nina mshahara, na mama yangu anakwenda kazini na simu mdomoni. Niliporudi mjini nikaenda moja kwa moja kwenye duka la vipuri vya baiskeli, la yule kaka wa Vugiri, nyuma ya soko. Nikamwambia nataka taa ya mama yangu, iliyo kali kuliko zote. Akatoa kadhaa, akaziwasha moja moja kwenye ukuta wa ndani kule kwenye giza. Nikachagua ile nyeupe ya kufunga kwenye usukani. Nilijiona binti wa maana sana.

Akaniuliza, "Na ya nyuma?"

Nikamjibu, "Ya nyuma ya nini? Mama yangu haendi kinyumenyume."

Tukacheka wote wawili. Alikuwa ameishika mkononi, nyekundu, ndogo kama kiberiti. Akairudisha kwenye kabati la kioo. Hela nilikuwa nayo, mama. Siwezi kusingizia hela.

Ukaipenda ile taa. Ukanipigia simu siku ya kwanza, unahema, umeshafika. "Mwanangu, naona mpaka sisimizi!" Ukasema siku hizi unapita katikati ya lami kama gari, huna wasiwasi. Mimi nikafurahi. Nilikuwa kwenye cherehani, nikawaambia wenzangu wote.

Aliyekukuta ni mzee mmoja anayewahi kwenda kukata mkonge. Alituambia hakukuona wewe kwanza, aliona taa. Ilikuwa mtaroni, bado inawaka, imemulika mkonge mpaka majani yamekuwa meupe. Akadhani kuna mtu amekaa anamsubiri mwenzake. Aliyekugonga hakusimama. Lori, basi, hakuna anayejua. Alitokea nyuma, ndilo linalojulikana, kwa jinsi ringi ilivyokuwa. Polisi walipouliza kama baiskeli ilikuwa na taa, mjomba akajibu kwa sauti mbele ya watu wote, "Ilikuwa nayo, tena kali. Huyu binti yake ndiye aliyeinunua." Watu wakanitazama kwa huruma. Nikatazama viatu vyangu.

Nilipoanza kazi nilikuwa nakuja kwa miguu. Nikawa nachelewa, uji nao unachelewa. Nilimwona mwalimu mkuu akitazama saa. Nikajua lazima nipande baiskeli, na nikipanda lazima niwe na taa ya nyuma. Maduka mjini ni mengi, sijui kwa nini miguu ilinipeleka kwa yule yule. Alinikumbuka. Akatabasamu.

"Dada! Mama anaionaje ile taa?"

Nikasema, "Anaipenda."

Sikuweza, mama. Alikuwa amefurahi kweli kuniona. Nikamwambia safari hii nataka ya nyuma. Akasema nimefanya vizuri, maana ya mbele ni ya wewe kuona njia, na ya nyuma ni ya wenye magari wakuone. Alisema kwa upole, kama anamfundisha mtoto. Mimi nikaitikia kwa kichwa kama vile ndiyo kwanza nasikia. Akanipangia mezani zote alizokuwa nazo. Nilisimama pale nikashindwa. Wateja walikuja, wakahudumiwa, wakaondoka, mimi bado nashika hii, naiweka, nashika ile. Mwisho akanichagulia yeye.

Tangu siku hiyo nimeshatumia tatu. Ya kwanza ilikuwa ya dainamo, ile inayosuguana na tairi. Haitaki betri, lakini inataka gurudumu lizunguke. Pale kwenye kilima kabla ya daraja, unaposhuka na kusukuma, inazimika kabisa. Yaani mahali unapokwenda polepole kuliko pote ndipo unapokuwa gizani. Nikaitoa. Ya pili ilikuwa ya sola. Nilikuwa naianika kwenye paa la jiko mchana kutwa, na kiangazi ilinifaa. Masika yalipoanza, siku tatu mfululizo bila jua, ikawa inawaka kwenye vumbi ambako hakuna gari, nikifika kwenye lami inafifia. Niliyonayo sasa ni ya betri, ile inayowaka na kuzima, inawaka na kuzima. Mwanga wake ni mzuri. Lakini betri zikiisha haikuambii.

Hilo yule kaka hakuniambia, labda halijui, kwa sababu yeye anauza mchana. Ya mbele ikizimika unajua palepale. Ya nyuma ikizimika hujui. Unaendelea kukanyaga pedali ukiamini unaonekana. Kwa hiyo naendesha nikigeuka kila mara, na kwa kugeuka huko nimeshaingia mtaroni mara mbili. Siku hizi napeleka mkono nyuma ya kiti, nafungua kiganja, natupa jicho kuona kama kina wekundu. Kikiwa chekundu narudisha mkono. Nikipita nguzo chache za umeme naanza tena. Ungeniona ungecheka. Labda usingecheka.

Halafu wiki iliyopita kikatokea hiki.

Taa zote mbili zilikuwa zinawaka. Ya nyuma nilikuwa nimetoka kuikagua muda huo huo. Nilikuwa nimevaa na kizibao cha kung'aa kama cha bodaboda. Nilikuwa pembeni kabisa, tairi linakanyaga mchanga. Nikasikia honi kutoka mbali, ndefu. Mama, aliniona. Aliniona vizuri, ndiyo maana akapiga honi. Na akaja hivyo hivyo, lori refu lenye turubai, likapita karibu mpaka ile kamba ya turubai ikanichapa begani. Upepo wake ukanitupa mtaroni pamoja na baiskeli. Sikuumia sana, goti tu.

Nikakaa kwenye majani. Sikulia kwa ajili ya goti. Miezi yote hii nimekuwa nikijiambia kwamba ningenunua kile kidude chekundu, mama angekuwepo. Nilikuwa nimejihukumu, na angalau nilijua nimehukumiwa kwa kosa gani. Sasa sijui tena. Labda aliyekugonga angekuona akakwepa. Labda angekuona akapiga honi akapita vile vile. Nikitaka kujifariji na hilo, naona natafuta mlango wa kutokea. Nikitaka kujilaumu, naisikia ile honi. Nimekaa katikati, sisongi mbele wala sirudi. Nani nimuulize? Aliyekuwepo ni wewe tu na yeye.

Kulipokucha nilikuwa bado nimekaa pale. Siku hiyo uji ulipelekwa madarasani saa mbili, na hakuna aliyenigombeza, kwa sababu walimu waliiona sketi yangu ilivyokuwa.

Na sasa kuna Zawadi.

Ameanza kidato cha kwanza, hapa hapa. Bweni limejaa, wanalala wawili wawili. Kwa hiyo anatoka nyumbani gizani, kwa miguu, saa nzima baada yangu, ili awahi usafi. Kuna kijana wa bodaboda ameanza kumsimamia njiani akimwambia apande, atampeleka bure. Aliniambia mwenyewe, huku anatazama ukutani. Nilimwuliza umepanda? Akasema hapana, mara moja tu, mvua ilikuwa inanyesha. Sikulala.

Nikamweleza mjomba kwenye simu. Jumapili akaja kutoka Handeni na baiskeli juu ya basi, ya bluu, si mpya lakini imara. Zawadi akaizungushia uwanja mzima huku akipiga kelele, kuku wanakimbia. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu uondoke. Mjomba akanivuta pembeni.

"Mambo ya taa unayajua wewe. Mtafutie nzuri, kama ile uliyomchagulia mama yako."

Nilitaka kumwambia. Mdomo ulishafunguka. Nikamwangalia ndugu yako, mvi zilivyomjaa mwaka huu mmoja, nikasema, "Sawa, mjomba."

Jana jioni nikaenda mjini. Yule kaka wa Vugiri aliponiona akaanza kutoa betri, akidhani nimekuja kwa hizo. Nikamwambia. Sijui nguvu niliitoa wapi. Nikamwambia mama yangu amefariki, kabla hata ya ile mara niliyokuja nikasema anaipenda. Aligongwa kwa nyuma. Ile ya nyuma sikuinunua.

Akaziweka betri chini. Kulikuwa na mteja amesimama mlangoni, akamwambia arudi baadaye. Kisha akasema, "Na mimi nilicheka, dada."

Hilo tu. Hakuniambia si kosa lako, ni mipango ya Mungu, kama wanavyosema wote. Nilimshukuru kwa hilo, ingawa sikulisema.

Nikamweleza kuhusu Zawadi. Akafungua kabati, akatoa zote za nyuma alizonazo, akazipanga. Akaziwasha. Akazima taa ya dukani ili tuone vizuri. Moja kali lakini inakula betri. Moja inadumu lakini hafifu. Moja nzuri pande zote, ila kibano chake ni cha plastiki na barabara yetu itakivunja kabla ya mwezi. Aliichukua ile ya kibano, akaiweka. Akachukua hafifu, akaitazama, akaiweka. Nilikuja nikitumaini atanichagulia kama siku ile. Nikaona mkono wake unafanya kile kile ulichokuwa ukifanya mkono wangu. Tukasimama, watu wazima wawili, gizani, mbele ya vitaa vyekundu vinavyowaka na kuzima, hakuna anayejua.

Nimechukua mbili, kali na hafifu. Moja nimeifunga chini ya kiti, moja kwenye madigadi. Zikifa zote kwa pamoja, basi.

Baiskeli sikuweza kumkataza. Nilifikiri. Usiku kucha nilipanga maneno. Lakini nikimkataza namrudisha kwa yule kijana na pikipiki yake. Nikimruhusu namweka kwenye ule mkeka wako. Njia ya tatu ingekuwepo ungeniambia wewe.

Anaanza kesho. Nimemwambia ataamka saa kumi pamoja na mimi, asome hapa jikoni mpaka kengele ya usafi. Amenuna. Nimemwambia pia yeye ndiye atakayetangulia, na hilo limemfurahisha, anadhani nimempa heshima ya kuongoza.

Mama, maharage yanaanza kunukia, lazima niyaangalie. Pumzika huko uliko, Mungu akuweke pazuri. Kurudi nyuma kununua kile kidude siwezi, na malori siyawezi. Ninachokuahidi ni kidogo. Njia nzima, kila alfajiri, nitakuwa nyuma ya Zawadi. Taa zake nitaziona mimi kwa macho yangu, na ikizimika hata moja nitampigia kelele atoke barabarani. Yangu hatakuwepo wa kuiangalia. Hilo sina la kulifanya.

Mwanao,
Mwanahamisi