Sanduku Nililoliandika kwa Jina la Shemeji

Moroni, Ijumaa baada ya sala

Kwa dada yangu mpenzi,

Asalamu alaikum. Goti lako vipi? Au bado unazipanda ngazi za Mutsamudu na ndoo kichwani, ukiambiwa upumzike unasema utapumzika kaburini? Mimi mwili mzima, roho ndiyo siwezi kuisemea. Hapa bado wananicheka ninavyotamka, kila nikifungua mdomo wanajua nimetoka kisiwa chetu cha Nzwani. Nakuandikia Kiswahili cha Unguja, kile alichotulea nacho mama, kwa sababu shemeji hakisomi. Isome peke yako kwanza, halafu uamue mwenyewe utamwambia nini.

Nisizunguke, dada. Dhahabu yako imezuiwa na mahakama, na aliyeionyesha ilipo ni mimi.

Unakumbuka mamluki walipoingia. Wakati wa vijana wa mapinduzi ulikuwa umeifukia chini ya sakafu ya jiko, na vijana walipoondoka ukasema, haya, na hawa wazungu wa bunduki nani anawajua? Nilikuwa likizo huko kwako. Mimi ndiye niliyekushauri: "Nipe, nikaiweke benki, pale haiguswi na mtu." Maneno yangu hayo. Ukaipanga ndani ya kopo la biskuti, mikufu, bangili na vipuli vya bibi, ukalishonea kitambaa huku unalia kidogo. Ukanikanya nisilibebe kizembe.

Nilipofika kaunta ya benki yetu, karani mwenzangu akauliza, "Jina la mwenye mali?" Walikuwapo wanaume wanne wamesimama, mmoja wao hata simjui. Nilitaje jina la dada yangu katikati yao, liandikwe, kila mfungua kitabu alisome? Wewe unajua tulivyolelewa. Baba mwenyewe hakumwita mama kwa jina mbele ya wageni, alisema "nyumbani". Kwa jina langu sikuweza, karani haruhusiwi kujiandikia. Basi nikataja jina la mumeo. Nilitoka pale nikijiona mtu mwenye adabu zake! Wewe nilikwambia tu kwamba imehifadhiwa.

Jumanne hii asubuhi akaja mtu wa mahakama na karatasi yenye mhuri. Shemeji alichukua saruji kwa mkopo kwa tajiri mmoja wa hapa, kwa ajili ya lile duka. Huenda hakukwambia. Ameshindwa kulipa, tajiri amemshitaki akashinda, na sheria inamruhusu mdai kuifuata mali ya mdaiwa hata ikiwa mikononi mwa benki. Karatasi ilituuliza swali moja: mna kitu chochote cha mtu huyu?

Mshika kitabu cha amana ni mimi. Mkuu wetu akanieleza polepole, kana kwamba nimeanza kazi jana.

"Abdu, tukisema hatuna kitu na tunacho, deni lake tunalilipa sisi. Tukikiachia kitoke baada ya karatasi hii, tunalilipa sisi vilevile. Na sisi tutakugeukia wewe."

Nikafungua ukurasa ambao naujua bila kuutafuta. "Lipo sanduku moja," nikasema, maana kopo lako kitabuni limeandikwa sanduku.

"La mdaiwa?" akauliza mtu wa mahakama.

Hapo, dada. Hapo ndipo nilipokuuza. Ilitosha niseme, "Hapana, ni la mkewe." Angeliandika neno hilo kwenye karatasi ileile, na hakimu angelazimika kuuliza kwanza. Lakini kusema hivyo ni kukiri kwamba niliandika uongo kwenye kitabu cha benki, na mkuu alikuwa ananitazama. Siku hizi mtu akifukuzwa kazi hapa, akae tu barazani ahesabu wapita njia. Nikajibu, "Limeandikwa kwa jina lake, ndiyo." Maneno ya kweli yote, na mimi mwongo. Nikatia sahihi. Wakalipiga lakiri mbele yangu, juu ya kitambaa ulichokishona.

Jioni ile nilipanda kwa miguu hadi Mvuni, ninakopanga. Mama mwenye nyumba aliniletea wali na samaki, akaona sili, akauliza kama nimefiwa. Nikasema bado. Siku tatu hizi nimekuwa nikijitetea peke yangu: sheria ni sheria, benki ingelipa, ningefungwa. Upuuzi mtupu! Sheria haikunikataza kusema la haki, niliogopa. Binti yako anaolewa baada ya mfungo, na ninajua dhahabu ile ulimwekea yeye. Nikimfikiria anatoka mbele ya wanawake na shingo tupu, natamani ardhi inimeze.

Sasa sikiliza. Kopo halijafunguliwa wala kuuzwa. Nimemuuliza karani mmoja wa mahakama, akasema mwenye mali akijitokeza kabla ya kuuzwa, hakimu atamsikiliza. Zimebaki wiki tatu. Njoo, dada. Chukua ile picha ya harusi inayoonyesha vipuli vya bibi masikioni mwako, na uje na shangazi aliyekuvisha. Nauli naituma pamoja na barua hii kwa mama muuza vitambaa anayekukabidhi.

Nami nitasimama. Jana nilimweleza mkuu kila kitu. Hakupiga kelele, ila alinyoosha mkono nimpe ufunguo wa kabati la vitabu, nikampa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Afadhali niumbuke mimi kuliko uumbuke wewe.

Nisalimie shangazi, umwambie asisahau miwani yake. Msalimie jirani mshona kofia, na binti yako umbusu bila kumweleza kitu. Shemeji naye msalimie, sina haki ya kumkasirikia mtu mwezi huu.

Hakimu atauliza mali ni ya nani. Nitalitaja jina lako kwa sauti, watakaokuwapo wote wasikie, tajiri na mtu wa mahakama na mkuu wangu. Nimeanza kujizoeza. Barua zangu zote huwa naziandikia bahasha kwa jina la mumeo. Hii itazame vizuri kabla hujaitupa: Bibi Mwanaesha binti Saidi, Mutsamudu.

Ndugu yako mwenye kosa,
Abdu