Baba Zawadi, Sote Tulijua Nitatangulia Mimi

MAREHEMU SEIFU HASHIRU KONDO
Fundi wa mashine za kusaga, Visiga, Kibaha

Mwaka umetimia, Baba Zawadi, tangu ulipotoka hapa Visiga asubuhi na mkoba wako wa spana, ukaenda Maneromango kwenu kutengeneza mashine, na hukurudi. Mwaka mzima, na bado pikipiki yoyote ikipiga honi pale nje mimi nageuza shingo.

Watoto walitaka tangazo hili aandike Husseini, kwa kuwa ndiye mwenye Kiswahili cha ofisini. Nimekataa. Husseini angeandika kwamba ulikuwa taa ya familia, na wewe ungeuliza hiyo taa inatumia betri gani. Kwa hiyo naandika mimi mkeo, Hajira, na wenzangu watatia majina yao mwisho.

Nianze na lile ambalo kila mtu pale msibani alilifikiria na hakuna aliyelisema. Aliyetarajiwa kutangulia ni mimi. Mimi ndiye niliyezaliwa na tundu kwenye moyo, likagunduliwa baada ya kumzaa Husseini. Mimi ndiye niliyepasuliwa kifua kule mjini, tundu likazibwa, tukarudi nyumbani watu wakaja kunipa pole na hongera kwa pamoja. Tukadhani yamekwisha. Miaka michache baadaye moyo ukaanza kwenda ovyo: unakimbia, unatulia kidogo, unakimbia tena bila sababu. Tukarudi hospitali. Wakapitisha waya kwenye mshipa wa paja mpaka ndani ya moyo, wakaunguza pale palipokuwa panavuruga mapigo. Moyo ukatulia kwa muda, kisha ukaanza kurukaruka tena, mara mojamoja, na dawa zikawa chakula changu cha kila siku.

Mtu mwenye kidonda hukiona kikipona. Mimi cha kwangu sikioni. Nilikuwa silali ubavu wa kushoto, kwa sababu nikiulalia nausikia moyo kwenye mto. Nilikuwa naoga bila kufunga komeo. Hata kicheko nilikuwa nakikata katikati nisikilize kwanza kama moyo bado uko sawa. Wewe uliyajua yote hayo bila kuambiwa, na hukuwahi kuniambia niache woga.

Kila baada ya swala ya alfajiri ulikuwa unakaa ukingoni mwa kitanda, unanishika kifundo cha mkono na kufumba macho, kama ulivyokuwa ukifanya ulipoegesha bisibisi kwenye injini na kuweka sikio kwenye mpini. Kisha unatoa taarifa.

"Leo inatembea."

Au siku nyingine, "Leo inamisi, inarukaruka kidogo, Mama Zawadi. Usibebe ndoo."

Mara nyingi ulikuwa unakosea. Daktari alikucheka siku ulipomweleza kwa jinsi ulivyosikia wewe shida iko upande gani, akakuonyesha kwenye kioo chake kwamba iko upande mwingine kabisa. Ukamshukuru kwa adabu, tukarudi nyumbani, na alfajiri iliyofuata ukanishika mkono kama kawaida. Na mimi nilikuwa siwezi kuianza siku kabla hujasema.

Wengi wanaosoma hapa walikujua kwa kazi yako. Mbwawa walikujua, Mlandizi walikujua, huko Kisarawe ndiyo usiseme. Mashine ikiharibika, wewe hukai kunywa chai kabla haijawaka. Mwenye mashine anakukaribisha, unamwambia kina mama wamekaa na mahindi yao tangu asubuhi, chai itasubiri. Ulikuwa unarudi na unga kwenye nyusi, umezeeka miaka ishirini, na wajukuu wanakukimbia. Husseini anasisitiza niandike kwamba hukuwahi kumpiga hata mara moja. Ni kweli, ingawa zipo siku alistahili.

Na kisamvu je? Daktari alisema dawa yangu ya kufanya damu iwe nyepesi haipendi mtu ale majani mengi leo na kesho asile kabisa, kwa hiyo niyale kwa kipimo kilekile. Wewe ukasikia kisamvu marufuku. Ukakifukuza nyumbani kwetu kabisa, kisha ukawa unakwenda kukila kwa dada yako Mwanaasha, cha nazi, unarudi unanukia na kuniambia huna njaa, ulikula mihogo njiani. Mwanamume anayemficha mkewe kisamvu, hana makubwa ya kumficha.

Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Lakini kichwa kilikuwa kinakuuma na ukasema ni jua. Macho yalikuwa yanaona ukungu na ukasema ni unga. Kile kipimo cha presha ulikinunua wewe, na kila wiki ulikuwa unanifunga mkononi na kusoma namba kwa sauti. Mkononi mwako hakikuwahi kufungwa. Nyumba yetu ilikuwa na mgonjwa mmoja, na nafasi ilikuwa imeshachukuliwa.

Siku ile aliyepigiwa simu kwanza alikuwa Zawadi. Alinikuta uani napepeta mchele. Hakunisalimia.

"Mama, dawa ya asubuhi umeshakunywa?"

"Nimekunywa. Salamu siku hizi hakuna?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Baba kaanguka huko Maneromango. Kazidiwa. Linakuja gari kutuchukua."

Alikuwa anautazama ungo. Nyuma yake alisimama jirani yetu nesi, ameshika kile kipimo changu cha presha, amekichukua ndani bila kuniomba. Hapo nikajua. Mtu akizidiwa, kipimo hupelekwa kwake. Hiki kilikuwa kimeletwa kwangu.

Sikuwaambia kwamba nimejua. Niliwaona walivyokuwa wanaogopa, nikakaa nifungwe mkono, nikapimwa, nikavaa baibui langu, nikaingia garini. Njia nzima walikuwa wanamwambia dereva apunguze mwendo, mama asirushwerushwe. Mvua za masika zilikuwa zimeikata vibaya barabara baada ya Kisarawe. Wao walitaka gari litambae, mimi nilitaka lipae, kwa sababu nilijua mazishi hayangenisubiri mpaka kesho. Nilijishika kifundo cha mkono mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Moyo wangu, ambao watu wote wa garini walikuwa wanauogopa, ulikuwa unatembea sawasawa.

Baadaye Mwanaasha alinieleza yaliyotokea huko. Ulikuwa umeinama kufunga mkanda wa mashine, ukasema mkono wa kulia umekufa ganzi, ukaanguka, na hukuzungumza tena. Kiharusi. Ile dawa yangu ya damu nainywa ili kisinipate mimi. Wapo wazee walioshauri uzikwe kwanza, mimi niambiwe kesho yake nikiwa karibu na daktari, kwa kuwa moyo wangu usingestahimili. Ni mdogo wako Faraji aliyekataa.

"Shemeji hatanisamehe mpaka naingia kaburini," aliwaambia. "Mleteni amwone. Kama ni kufa, afe amemwona mumewe."

Nilikukuta umeshavikwa sanda. Wakanifunulia uso. Ulikuwa msafi, hakuna unga hata kidogo kwenye nyusi, na hilo ndilo lililoniliza. Baada ya alasiri wakakuchukua. Faraji, nakushukuru hapa mbele ya watu wote.

Nikarudi Visiga kukaa eda, na Mwanaasha akaja kukaa nami. Arobaini yako ikapita salama. Kisha moyo ukaanza. Haukuwa ule wa kurukaruka niliouzoea. Huu ulikuwa unakimbia asubuhi, unakimbia nimekaa, unakimbia nikiwa kwenye mswala, mpaka pumzi inaniishia kwenye sijida. Nikamwambia wifi yangu.

"Ni msiba huo, wifi," alisema. "Hata wangu unanienda mbio nikimkumbuka kaka. Kunywa maji, useme Alhamdulillah."

Nikanywa maji. Kila aliyekuja kunitazama alisema vivyo hivyo, na kila mmoja alishika kifua chake kunionyesha kwamba hata wake. Wangesema nini? Mfiwa ambaye moyo wake haumwendi mbio ndiye angewatisha. Na mimi niliwaamini kwa kuwa nilitaka kuwaamini, maana jibu jingine lilikuwa hospitali, na hospitali sikuwahi kuingia bila wewe. Nilikuwa na eda, na eda ikanifaa. Mwenye eda hatoki nje.

Nikaanguka pale penye ndoo, natia udhu. Zawadi ndiye aliyeninyanyua. Nilipofumbua macho alikuwa amenishika mkono, na uso wake umekuwa wa kijivu.

"Tangu lini hivi, mama?"

"Tangu juzi."

"Mama. Tangu lini?"

Nikamwambia ukweli. Mwanaasha akaanza kusema eda haijaisha, watu watasema nini. Husseini akamfuata shehe wetu, naye akaja mwenyewe mpaka mlangoni. "Kutafuta matibabu ni dharura, mama," alisema. "Hapana anayekuzuia. Nenda." Nikatafuta uso wa mtu mwingine wa kunizuia na sikuupata, nikaenda.

Wakanipa dawa za kuupunguza mbio, nazo zinausaidia kiasi. Lakini daktari alisema kuna mahali pengine ndani panapovuruga, na pale pa zamani pameamka. Inabidi kuunguza tena. Hakuniahidi kwamba safari hii moyo utatulia moja kwa moja. Alisema tu kwamba kuuacha hivi ni hatari zaidi, kwamba damu inaweza kuganda ndani na kwenda kichwani, akanitajia kile kilichokuchukua wewe.

Nikamwambia baada ya eda. Eda ikaisha, nikasema baada ya korosho, nani atasimamia uokotaji. Korosho zikauzwa, nikasema baada ya Ramadhani. Watoto wakawa wanaondoka wakinikuta nina sababu mpya. Ungekuwepo ungenicheka, halafu ungeniambia nivae viatu tuondoke.

Wiki mbili zilizopita Zawadi alikuja kama anavyokuja kila asubuhi kabla ya kwenda dukani kwake. Nilikuwa nadhani anafuata chai. Alikaa, hakuigusa chai, akasema bila kunitazama.

"Mama, kila siku nikifika hapo dirishani nasimama kwanza. Nasikiliza kama unakohoa, au kama unaburuta ndala. Nisiposikia kitu, miguu inakataa kuingia. Kuna siku nilimwita jirani aingie yeye. Ulikuwa umelala tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Nilijua baba yuko mzima, akaondoka. Wewe je? Nimechoka kusimama dirishani, mama."

Nilikuwa nadhani hofu hii ni mali yangu peke yangu, nimeifungia ndani. Kumbe mwanangu analala nayo na kuamka nayo, akiwa na moyo mzima. Nilimwambia anywe chai inapoa. Kisha nikamwambia apige simu hospitali.

Basi, Baba Zawadi, Jumapili hii tunakusomea hitima Maneromango, nyumbani kwa Faraji, baada ya adhuhuri. Ndugu, jamaa na wote uliowatengenezea mashine wanakaribishwa. Jumanne mimi naingia hospitali.

Naogopa. Nasema wazi ili wasomao wasije wakadhani nimekuwa jasiri kwa sababu ya ujane. Naogopa ule waya, naogopa kulazwa chali nikiusikia moyo unachokozwa makusudi, na zaidi ya vyote naogopa ule mlango ukifungwa, maana mara zote mbili nyuma yake ulikaa wewe. Safari hii atakaa Zawadi. Nimemwomba asilie mpaka niwe nimeshaingia.

Nikitoka salama, nitakuja Maneromango mwenyewe kukwambia. Nisipotoka, wewe utakuwa umeshajua kabla yao.

Tunakukumbuka sote: mimi mkeo Hajira, ambaye leo bado niko upande huu, wanao Zawadi na Husseini, mdogo wako Faraji, dada yako Mwanaasha, wajukuu zako waliokuwa wakiukimbia unga wako, na majirani wa Visiga, Mbwawa na Maneromango. Mwenyezi Mungu akurehemu na akupanulie kaburi lako. Hakuna siku tutakayokusahau.