Ajuga za Kivulini

Baba Rhoda,

Wali na maharage vipo kwenye friji. Mchukue Rhoda shuleni saa tisa.

Asubuhi nimekuta umeng'oa ajuga zangu zote, yale maua ya kutambaa, pale kivulini nyuma ya nyumba, ukidhani ni magugu. Nilizipanda wiki aliyofariki Mama, niliposhindwa kutoka huku ughaibuni kwenda Mbeya kumzika. Miaka miwili zilitambaa tu. Wiki hii ndiyo zilianza kutoa maua ya buluu. Rhoda kanikuta nalia, akasema, "Mum, just buy more."

Nimerudishia chache ardhini. ~~Huenda zikashika.~~ Mizizi imeshakauka, hazitashika.

Usinipigie kuniomba radhi, nitakuwa kazini na wagonjwa. Pipa la kijani la taka za bustani ulimozitupa usilitoe nje leo. Bado sijaziaga.

Mama Rhoda