Madirisha ya Mashua na Nguo ya Harusi

Nchelenge, ku ziwa Mweru

Yaya Henriette, dada yangu mukubwa mupenzi,

Mudogo wako niko muzima, na samaki wa huku wamenitia mashavu. Ile mashua muzee ya tanga nimeitengeneza. Nilitoa vioo vyote vya kijumba chake, nikabadilisha mbao zilizooza, nikatia vioo vipya na kuziba pande zote kwa mastiki, ile gundi nzito ya vioo, maji isipenye.

Mastiki ilikuwa ingali laini wakati bibi harusi mumoja, Chola, alifika na mama yake, wakiomba kuvushwa. Bwana harusi alikuwa anamungojea kanisani, kisiwani Chisenga. Basi tukaondoka, mwenye mashua kwenye usukani.

Katikati ya ziwa upepo ukageuka, mawimbi yakapiga madirisha. Chola alikuwa amekaa ndani, nguo yake nyeupe juu ya magoti, na kioo cha karibu naye kikaanza kusogea.

"Fundi, kinaanguka!"

Nikakishikilia kwa mikono yote miwili mupaka kisiwani. Maji yalinishuka mikononi mupaka kwapani, mimi na Chola tukicheka kwa woga.

"Usikiache, mwanangu," mama yake aliniomba kila wimbi lilipopiga.

Nguo ilifika kavu, yaya! Kanisani mama yake Chola akanikalisha mbele, kati ya wajomba, shati likidondosha maji. Watu wakauliza mimi ni mutu wa ukoo gani.

"Ni wetu," akawajibu.

Uwakumbatie watoto, na ukisonga ugali wetu wa bukari leo, ule na tonge langu. Mungu akulinde.

Mudogo wako,
Edouard